Mpwa Hanyimwi

...hapana, si hiki cheusi, springi yake ngumu, inausukuma unyayo kama mbuzi anayekataa kamba, na mimi nikiwa jukwaani mguu wa kulia una kazi yake kwenye kinanda chenyewe, huu wa kushoto ndio wa kidude hiki cha kukwaruza sauti, unatakiwa kugusa tu, gusa, sauti inakwaruza, gusa tena, sauti inatakata, bila kutazama chini, kwa hiyo cheusi hapana, na hata kingekuwa laini kama mto wa usufi najua kingenifanya nini, vidude hivi vimetengenezewa magita, gita linaweza kulia uzi mmoja mmoja, mimi natua na vidole vitano kwa pamoja, ukivikwaruza vyote kwa nguvu unapata uji, mkono wa kushoto unazama wote humo, haya basi, chekundu... lakini huo ni mfuniko wa choo unaburuzwa, mkaza mjomba anaufungua huko uani, Siwema, mke wa mjomba wangu Mwinjuma, ananisubiri nichague kimoja ili viwili avitumbukize shimoni kabla mgambo hawajarudi kupekua, na mumewe yuko rumande tangu juzi, na mimi nimekaa kwenye kitanda cha mume huyo, kiatu kimoja nimevaa kimoja nimekivua, nachagua, ewe Kondo, huna haya hata ya kuazima.

Chekundu ni chepesi, kinaitikia vizuri, ila kina ukali wa nyigu, nakijua, niliwahi kusikia mpiga gita mmoja wa Dar akikitumia, jino linauma ukiwa umekaa meza ya nyuma... umeme hapa Kisarawe kwa mjomba hakuna, kinanda kiko Kibaha kwenye ukumbi wa kiwanda, nachagua kwa unyayo na kwa kichwa, nazungusha vifundo vyake vya sauti nasikia humu ndani, hata betri nimeilamba, ile ndogo ya pembe nne, ikaniuma ncha ya ulimi, nikafurahi, wallahi nilifurahi, mjomba kanunua na betri mpya, na furaha ile ndiyo inayonila, maana Siwema alikuwa amesimama mlangoni akiniona nalamba betri kama mtoto na pipi, akageuka akaenda uani. Hajanitania tangu nimefika. Nimemwamkia shikamoo, akaitikia marahaba Kondo. Kondo! Huyu hajaniita Kondo tangu naota meno, mimi kwake ni mume wangu, ndivyo tulivyo huku, mpwa na mke wa mjomba ni watani, nikitokeza tu uani ataanza, mume wangu mbona umekuja mikono mitupu, watoto wako wamelala njaa, nami namjibu nimekuletea mwili wangu, mke wangu, na mjomba anacheka kuliko wote, anasema mimi mwanamume gani, nimeoa mke mmoja tumekuwa waume wawili. Leo marahaba Kondo, na sahani ya mihogo, na fumba la ukili lenye vidude vitatu, alivitoa chini ya majivu ya jiko, akavipangusa kwa upindo wa khanga, kimoja kimoja, akavipanga mbele yangu kama anampakulia mgeni.

Amempelekea mjomba chakula rumande alfajiri, akanong'onezwa, mwambie mpwa wangu achague kimoja aende nacho Kibaha, viwili tia chooni, na asionekane huku. Asionekane huku. Mtu yuko rumande anafikiria kinanda changu. Walimkamata na sabuni, katoni za sabuni, walanguzi wanasombwa kila pembe mwaka huu, redio haina habari nyingine, watu wametupa vitenge mtoni, wamemwaga sukari visimani mpaka maji yakawa matamu, na mjomba alikuwa ameshaacha magendo, hilo ndilo ninalolijua mimi na yeye na Mungu, alishafunga safari zake za Mombasa, alikaa pale kwenye kibao chake akaniambia mpwa wangu, mimi nimetosheka, nitauza nazi na chumvi, nilale. Na nani aliyemwamsha? Mimi. Kwa sababu Onesmo, kiongozi wa bendi, alisema kinanda changu kinalia kama cha watoto wa chekechea, kwa sababu pale dansini Kwa Mathias zamu yangu ilipofika watu waliacha kucheza wakaenda kukaa, nikawaona wanavuta viti, nikasikia vile viti vinavyokwaruza sakafu nikatamani kinanda changu kikwaruze hivyohivyo, nikaja huku Ijumaa nikamwambia mjomba niangalizie kidude cha kukoroga sauti. Akasema safari nimefunga. Nami nikacheka, nikamwambia, mjomba, mpwa hanyimwi. Basi. Maneno mawili. Angekuwa baba angenifukuza, lakini mjomba kwetu sisi hana mlango wa kutokea hapo, mtoto wa dada akiomba umeombwa na ukoo mzima, nilijua, nililitumia kama ufunguo. Akashusha pumzi akatafuta mfuko wake. Sabuni aliichukua kwa sababu hakuna mtu wa Kisarawe anayekwenda Mombasa akarudi na vidude vya muziki peke yake. Na kwa kuwa hakujua ni kipi, akaleta vitatu.

Hiki cha kijani... hiki kidogo, wala hakitishi, nakiweka chini ya dole gumba, nabonyeza, tk, laini, kama kupasua karanga, na hiki ndicho, nakijua hiki, mpiga kinanda mmoja Mzaire alikuwa nacho, akanikubalia siku moja nikae kwenye kiti chake kabla dansi halijaanza, ukigusa vidole taratibu sauti inatoka safi, ukikandamiza inaanza kukoroma, mkono wenyewe ndio unaoamua, uji hakuna, besi ipo palepale, Kwa Mathias hawatakaa, watasimama, nawaona wamesimama, tk, naingia kwenye kile kiitikio, tk, yarabi toba, mjomba analala kwenye saruji na mimi nimeshafika kwenye kiitikio. Mguu huu hauna dini. Nikisema ukweli utamfaa nini lakini, nikienda pale kituoni niseme safari ilikuwa yangu, watasema vizuri, ingia na wewe, tutakuwa wawili ndani na sabuni ni ileile, dada yake mjomba, ndiye mama yangu, alie mara mbili, mwenyewe kasema asionekane huku, mkubwa akisema unatii, si ndiyo adabu... adabu, eti adabu! Umejificha nyuma ya adabu kama kuku nyuma ya kinu. Bibi Mwanamkuu alikuwa akitusimulia, zamani mjomba akipatwa na la kumpata alikuwa anampeleka mpwa wake akae rehani, mpwa anakwenda kwa miguu yake, anakaa huko kwa wenye deni mpaka jambo liishe, na sisi watoto tulikuwa tunalia, tunasema mjomba mbaya, na bibi anashangaa, mbaya kwa nini, huyo mpwa alikuwa akila kwa nani? Nilikuwa nakula kwa nani mimi? Kinanda nilijifunzia shule ya nani, shati la jukwaani kanipa nani, na leo nani yuko rehani, mjomba, mambo yamepinduka, mpwa yuko kitandani anabonyeza.

Kivuli mlangoni. Siwema, mikono ina maji, hajaingia, anatazama vile vidude, halafu ananitazama mimi, na sauti yake ni ileile ya siku zote, ndiyo inayoniua.

"Mume wangu, umechagua?"

Jibu lake lipo, nimelijibu tangu utotoni, nimekuchagua wewe, hapo ndipo mjomba anapocheka, nafungua mdomo na pale pa kuchekea pako wazi, hakuna mtu, tunasikia wote wawili kwamba hakuna mtu.

"Nifungie vyote vitatu," nasema. "Navipeleka alipo. Nitawaambia safari ile ilikuwa yangu mimi."

Nilidhani atasema asante, au atasema wewe ndiye uliyemponza, alijua, naona sasa alijua tangu alipovitoa majivuni. Anafuta mikono kwenye khanga, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Na wakikuweka na wewe," anasema, "mimi nitataniwa na nani?"

Hasemi usiende. Anakunja lile fumba, anaokota cheusi, anaokota chekundu, ameinama, anasubiri cha tatu, na mguu wangu bado uko juu yake, nauambia toka, toka basi, mkono wa Siwema uko pale pembeni ya kidole changu, umekunjuliwa, unangoja, nauambia mguu toka, tk.