Masikio ya Ukoo wa Pearsall

Wifi yangu Kirralee alipoanza kunifanyia upole, nilijua kuna jambo. Miaka yote tumekaa hapa Penguin, mji mdogo wa pwani ya Tasmania, Australia, nyumba zetu zikitazamana, na hajawahi kuniletea hata kipande cha mkate. Jumapili hiyo alikuja na keki nzima ya limau, akaketi jikoni kwangu, akasema Tamsin, binti yake na kaka yangu, atapelekwa mjini Launceston kufanyiwa upasuaji wa masikio.

"Ana ugonjwa gani?" nikamuuliza.

"Hana ugonjwa, wifi. Wanayarudisha nyuma tu. Wanakata kidogo nyuma ya sikio, wanalikunja lile gegedu, wanashona. Anafungwa bandeji siku chache, basi."

Basi! Nilikasirika. Masikio yale ni ya ukoo wetu, akina Pearsall. Baba alikuwa nayo, kaka yangu Rodney anayo, na mimi ninayo chini ya nywele. Baba alipokuwa akiichezea timu ya hapa ya mpira wa Kiaustralia, ule unaoshikwa kwa mikono, walimwita Teksi, maana ukimtazama kwa mbele alifanana na teksi iliyoachwa milango wazi. Jina hilo limeandikwa kwa rangi kwenye ubao wa klabu, na chini yake Teksi wa Pili, ndiye Rodney. Kwetu mtu akikosa jina la utani, ujue hana wa kumpenda. Tamsin alipozaliwa mimi ndiye niliyembeba nikasema, "Teksi Mdogo kafika," na wauguzi wakacheka.

Sasa huyu Kirralee, mtoto wa Melbourne, anataka kutufuta. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Keki yake sikuigusa mpaka alipoondoka.

Nikamkabili Rodney gerejini kwake. Aliendelea kufuta spana ambayo tayari ilikuwa safi.

"Mtoto mwenyewe ndiye anataka, dada," akasema.

"Mtoto wa miaka minane anajua nini? Kafundishwa huyo."

"Mimi nimeambiwa hivyo."

"Na nani?"

"Na mama yake."

"Haya basi," nikasema, nikaondoka.

Lakini mimi si mtu wa kumhukumu mtu bila kuchunguza. Huenda kulikuwa na mchokozi shuleni. Nikaenda kumchukua Tamsin mapema, nikasimama getini nikiwakodolea macho watoto wa watu hadi mwalimu akaja kuniuliza kama nimepotea. Nikamuuliza nani anamcheka mpwa wangu. Akashangaa. Akasema Tamsin ndiye anayegombaniwa wakati wa kugawana timu, na hajasikia neno lolote la masikio.

Jumamosi nikaenda kumtazama akicheza. Tulikula soseji kwenye mkate kama kawaida, na kila alipoushika mpira watu wazima wote tulipiga kelele, "Twende, Teksi!" Kitu kimoja kilinitia shaka. Alivaa ile kofia laini ya kukinga kichwa kabla ya mchezo, na mchezo ulipokwisha hakuivua, hata alipokuwa akila.

"Vua hiyo, Teksi, tukuone milango," nikamwambia.

Watu wakacheka. Tamsin naye akacheka, akaishusha zaidi. Nikajiambia mtoto anayeumia hacheki namna ile. Kwa hiyo kazi yote ilikuwa ya Kirralee, na niliapa nitamwumbua mbele ya daktari.

Siku ya miadi Rodney alikuwa kazini, nikajipakia garini bila kualikwa. Kirralee hakupinga, na hilo nalo likanitia wasiwasi. Tamsin alikaa nyuma, kofia ya sweta imefunika kichwa.

Daktari Ranasinghe alikuwa mama mwenye sauti ya chini. Akatueleza utaratibu wake: hamgusi mtoto ambaye hataki mwenyewe, kwa hiyo lazima azungumze naye bila mzazi. Akiona mtoto anasukumwa, hakuna upasuaji.

Moyo wangu ukaruka kwa furaha. "Mzazi atoke," nikasema. "Mimi ni shangazi tu, nitakaa naye."

Daktari akamtazama Kirralee. Kirralee akanitazama mimi, kisha akatoka.

"Shuleni wanakuitaje?" daktari akamuuliza.

"Tamsin."

"Kuna mtu huko anayekucheka?"

"Hakuna."

Nikakunja mikono. Nilikwisha kumshinda wifi yangu, na sikuwa nimefungua hata kinywa.

"Sasa kwa nini unataka tuyabadilishe?"

Tamsin akavuta kamba za kofia yake mpaka uso ukawa mdogo.

"Ungependa tuongee wawili tu?"

Mtoto akanitazama kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani bila kujua kama anauma.

"Atakasirika?" akamuuliza daktari. Hakuniuliza mimi.

"Sikasiriki, mpenzi," nikasema.

"Basi atoke."

Nikatoka. Kirralee alikuwa ameketi kwenye korido, mkoba mapajani. Hata hapo, Mungu anisamehe, nilimshuku yeye.

"Umemfundisha anitoe?"

"Amekutoa?" Akashusha pumzi. "Mimi nilimwambia akuambie mwenyewe, wewe na baba yake. Ananililia kila tukitoka uwanjani. Anasema hawezi kuwaambia, maana mnampenda sana na jina ni la babu, mtaumia."

"Ni utani tu, Kirralee."

"Najua, wifi. Yeye anaona masikio yakiondoka, jina litakosa pa kukaa, na hamtamkasirikia. Afadhali akatwe."

Nilishika kitasa nikitaka kuingia nimwambie sitamwita hivyo tena, wala baba yake, wala uwanja mzima. Kirralee akanikamata sketi.

"Kaa chini," akasema. "Mwache amalize kusema."