Mwiko wa Nzembi

Mwaka wa 1998 kina mama wa kikundi kimoja cha Kathiani walimwomba Ndeti, mchongaji mzee aliyestaafu, awafundishe kazi yake. Aliwaanzisha kwa mwiko, maana mwiko hauna miguu wala macho ya kumshinda mwanafunzi. Alimpa kila mmoja kipande cha jakaranda, akawaonyesha kuchora umbo kwa penseli, kupunguza kwa tezo, kisha kumalizia kwa kisu na msasa.

Jakaranda ya Nzembi ilipasuka siku ya pili. Akaona haya kuomba nyingine. Alipanda kilima nyuma ya nyumba yake, akakata tawi la mti wenye majani mazito yanayong'aa. Miti ya kilimani hakuijua. Alizaliwa Kithimani, kwenye tambarare, na miaka yake mingi aliishi Athi River. Tawi lile lilichongeka vizuri. Jumapili alimpelekea mwiko Loise, mke wa mwanawe Bonface, aliyekuwa amejifungua wiki tatu tu zilizopita.

Jumanne alikwenda darasani na kipande kilichobaki ili achonge mwingine. Ndeti alikwangua ganda kwa ukucha. Utomvu mweupe ukatoka. Akakiweka chini polepole, akapangusa mkono kwenye suruali, akaupangusa tena.

“Mama Bonface, hii umekata wapi?”

Akamweleza.

“Na ule mwiko wa kwanza uko wapi?”

Wanawake wote walikuwa wameacha kuchonga. Ndeti alisema huo ni kivai, mti ambao wazee waliuchemsha kupata sumu ya mishale. Kabla hajamaliza, Nzembi alikuwa ameshatoka mlangoni.

Alikimbia akikata katikati ya mashamba ya mahindi. Kiatu kimoja kilimtoka, hakurudi kukichukua. Loise alikuwa akinywa uji kutwa ili maziwa yaje, na kila sufuria ilikorogwa kwa mwiko ule. Nzembi alijaribu kusali, lakini hakuweza kupita neno Bwana.

Alimkuta jikoni, ameketi kwenye kigoda, mtoto begani na kikombe mkononi. Mwiko ulikuwa ndani ya sufuria.

“Umekunywa huo uji?”

“Tangu juzi, mwaitu, mama yangu. Uko na uchungu kidogo, nikafikiri ni unga.”

Nzembi alimpokonya kikombe. Loise alisema tumbo lilikuwa likimsokota tangu alfajiri, ila aliona ni mambo ya uzazi tu. Nzembi akamchukua mtoto, akaweka sikio kifuani pake. Moyo wake mwenyewe ulipiga kwa nguvu hata hakusikia kingine.

Ndeti alifika na pikapu ya jirani, mwalimu Wathome, wakashika njia ya Machakos. Loise alitapika mara mbili, kisha akaegemea dirisha, macho ameyafumba. Nzembi alimshika kifundo cha mkono. Mshipa ulipiga, ukakawia, ukapiga tena. Kila ulipokawia, naye alishika pumzi.

Hospitalini alimweleza daktari kila kitu, akamwonyesha mwiko ndani ya mfuko wa plastiki. Daktari alisema moyo wa Loise unakwenda polepole mno, na mtoto asinyonye kwa sasa. Zaidi ya hapo hakuahidi lolote.

Bonface alifika jioni kutoka kiwanda cha nguo cha EPZ, nyuzi bado zimemganda shatini.

“Mama, ulijua?”

“Sikujua.”

Bonface aliketi kwenye benchi alilokalia mama yake, lakini akaacha nafasi kati yao. Kila nesi alipotoka wodini, Nzembi alimtazama uso kabla ya kuthubutu kusikia maneno yake.

Siku ya tatu moyo wa Loise ukatulia. Mtoto hakudhurika. Jumamosi waliruhusiwa kwenda nyumbani. Ndeti aliuzika mwiko na mabaki yote kwenye shimo refu. Alikataa kuvichoma, akihofia moshi.

Mwezi mmoja baadaye Nzembi alimaliza mwiko wa jakaranda. Aliupikia mwenyewe wiki mbili nzima, akiamka kila asubuhi na kujipapasa kifua, ndipo akaupeleka. Loise aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akautundika ukutani. Kisha akakoroga uji kwa ule wake wa zamani wa dukani.

Nzembi alikaa pale akimtazama akinywa, funda baada ya funda, mpaka kikombe kikaisha.