Kishikwambi Aliyeishiwa Miji

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeandikishwa darasa la nne, kipindi cha muziki, nimekaa dawati moja na mjukuu wangu Nakijwa. Magoti yangu yaliingia chini ya dawati bila tabu. Nikajua hii ni ndoto, nikaendelea kukaa.

Kwenye kiti cha mwalimu ameketi kishikwambi, kile cha kufundishia, amekunja nne. Kiooni mwake kuna ngoma, marimba na kayamba. Watoto wanazigusa kwa vidole na zinalia kweli! Nami nikaigusa ngoma.

"Taratibu, bibi," ngoma ikasema. "Una kucha."

"Samahani, mwanangu."

Darasa limechemka! Vitone vyekundu vinashuka kiooni. Kitone kikifika chini, unaimba. Nakijwa, ambaye wimbo humwasha kama upupu, akaimba kabla kitone hakijafika.

"Umewahi," kishikwambi akasema. "Anayewahi huzimwa sauti."

Akaivuta sauti ya mtoto kama mtu anayechomoa uzi kwenye kitambaa, akaifungia ndani mwake. Nakijwa akafungua kinywa. Kimya. Na wazazi wameshafika mlangoni kusikiliza, na yeye ndiye mwimbishaji!

"Mfungulie mjukuu wangu," nikasema.

"Taja nywila."

"Nywila ndiyo nini?"

"Neno lililofichwa. Ukilijua, mlango unafunguka."

"Kumbe kitendawili! Si ungesema? Haya, kitendawili!"

"Tega!" darasa zima likaitika, na kishikwambi naye, kabla hajajizuia.

"Hana mikono, lakini huinua watu vitini."

Kishikwambi anawaza. Kiduara kinazunguka kiooni, na sisi na madawati yetu tunazunguka nacho.

"Upepo," akasema.

"Upepo huinua mabati."

"Njaa?"

"Njaa hukalisha. Umeshindwa. Nipe mji!"

Ndivyo ilivyo: asiyejua jibu hutoa mji.

"Chukua Moshi."

Papo hapo tuko Moshi, na madawati yetu, katikati ya soko la ndizi. Mama muuzaji ananiamkia:

"Shikamoo, mwenye mji. Hizi takataka zitazolewa lini?"

"Marahaba. Mimi si mkaaji." Nikamgeukia kishikwambi. "Sitaki. Warudishie wenyewe."

Akatoa Tabora. Akatoa Lindi. Nikakataa. Akatoa Dodoma, na upepo ukapeperusha madaftari yote. Wazazi nao wamekuja, bado wamesimama mlangoni, ingawa mlango sasa hauna ukuta.

"Sitaki!"

Jasho likamtiririka kioo kizima. "Bibi, miji imeniisha."

"Umebaki mmoja. Hapo ulipomfungia mtoto sauti."

"Hapo si mji."

"Kuna anayeishi humo?"

"Sauti inaishi."

"Basi ni mji. Nipe!"

Akafungua. Sauti ikatoka mbio, ikamwingia mwenyewe, na Nakijwa akaimba, tena akawahi vilevile! Safari hii vitone ndivyo vinavyomkimbilia, vinahema. Ngoma inalia bila kuguswa, kucha au si kucha. Wazazi wanapiga vigelegele, nami napiga makofi mpaka viganja vinawaka moto. Loo, raha gani ile!

Kishikwambi kakunjua nne. Kasimama. Anayumba huku na huku kufuata wimbo, mabega juu.

"Bibi, nipe basi jibu, nitakosa usingizi."

"Nani kakuinua kitini?"

Akageuka, akakitazama kiti chake kitupu.

"Aaa!" akasema, nami nikaamka.

Asubuhi Nakijwa kaja kunywa chai, sauti imemkauka kama mtu aliyeimba kutwa. Mtoto huyu hajavuka Moshi tangu azaliwe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sauti imekuwaje?"

"Vumbi tu," akasema, akichovya mkate. "Hivi, bibi, Dodoma kuna upepo siku zote?"