Bega la Kushoto la Shaba

...Jumatatu, tarehe kumi na moja Novemba, saa kumi na nusu alasiri, si saa kumi, baba husema saa kumi lakini mimi nilikuwa nimesimama hapa hapa mlangoni mwa banda, nikamwona Bi Harlow anarudi kwa miguu, amemshika farasi wake Shaba kwa hatamu, na Shaba anaugusa chini mguu wa mbele wa kushoto kisha anaunyanyua upesi, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, na tangu hapo sijalala usingizi wa maana, na leo ni Ijumaa, na kesho asubuhi Bi Harlow atakuja na yule bwana wa bunduki... sukuma, zungusha, kidole gumba chini kabisa ya mfupa wa bega, sukuma tena... daktari wa mifugo alisema mfupa ni mzima, kwato ni safi, msuli wa bega umekaza, akasema hivyo tu, umekaza, akapanda gari lake akaenda zake, na Bi Harlow, wala hakuwa mkali, macho yake yalikuwa mekundu, akamwambia baba, Mbarak, umemlea wewe, akipona ni wako, mpeleke kwenu Kisauni, lakini akichechemea simwachi, nikishapanda meli watamfunga mkokoteni wa mawe huko Mwakirunge, heri risasi, na baba akajibu ndiyo memsabu, baba yangu, saisi wa farasi hawa tangu sijazaliwa, ambaye kwenye dua humtaja Shaba kabla hajanitaja mimi... heri kwa nani, ndivyo nilivyotaka kuuliza, nimesoma Makerere, nimepasua vyura na sungura, misuli yote naijua kwa majina, na badala ya kuuliza nikakunja mikono ya gauni nikaanza kumkanda Shaba... sukuma... "Mwanaima, mama, mpumzishe kidogo," baba anasema, amekaa juu ya debe, vidole vyake vimekakamaa kwa baridi yabisi, vingekuwa vizima nisingekuwa hapa, "bado, baba," namwambia, bado, kwa sababu nikipumzika nitafikiri, na nikifikiri nitaisikia bunduki, mwezi hautatimia kabla ya uhuru, wazungu wa upande huu wote wanafunga masanduku, na farasi hafungwi sandukuni, wale wawili wa jirani walipigwa risasi wiki iliyopita, kunguru wote wakaruka mara moja... masikio, tazama masikio, ameyalaza nyuma, ngozi inamcheza chini ya vidole vyangu, vumilia, nakuponya, vumilia... "Hodi humu! Huyu naye kazaa lini, hata mwampaka mafuta ya mzazi?" Shangazi Johari huyo, dada yake baba, mkandaji, na chupa yake ya mafuta ya nazi yenye karafuu, "shikamoo shangazi," "marahaba mwanangu, wenzio walisoma wakawa mabwana afisa, weye wasoma uje ukande mnyama! Mimi nimewakanda wazazi wa Kisauni nzima, wallahi, sijamkanda mwenye mkia," baba anacheka, siku zote hizi sijamsikia akicheka, "basi leo mjaribu, Johari," "akanipige teke? Nina wajukuu miye! Tia nguvu, Mwanaima, mbona wampapasa kama paka, asipoumia hasikii dawa"... asipoumia hasikii dawa, ndiyo, ndivyo nilivyolelewa, ndivyo nilivyofanya tangu Jumanne, nguvu na nguvu juu yake, dada yangu Tumu alipojifungua nilikuwa nimesimama kichwani pake, nikamwona Shangazi anamzamisha viganja, maji ya moto, mvuke, Tumu kashika mguu wa kitanda, analia, na wanawake wanacheka, lia mwanangu, lia, kilio ndicho dawa, na vidole vya Tumu kwenye ule mti vilikuwa vyeupe, nilivitazama vidole sikumtazama usoni, halafu baadaye sana, Tumu ananisuka, akaniambia, wajua, maumivu yaliniondoka mara moja tu, Shangazi alipochoka, akaanza kuwasengenya watu wa mtaani, akausahau mkono wake mgongoni kwangu, haufanyi kitu, umelala tu, pale ndipo nikapumua... ngoja... Jumanne palikuwa pagumu kama ngozi ya ngoma, Jumatano zaidi, leo ni ubao, nimepashika kila siku kwa mkono huu huu na sikuyaweka mambo mawili pamoja, nguvu yangu inapanda na ugumu unapanda, anajikaza kwa ajili yangu, ananishikia mguu wa kitanda... toa kidole. Toa. "Mbona waacha?" Shangazi, "siachi," nasema, nauweka mkono wote, kiganja na vidole, palepale penye ubao, bila kusukuma, uzito wa mkono tu, na hapo najisikia mwenyewe, meno nimeyauma, mabega yamepanda mpaka masikioni, pumzi nimeibana, tangu lini, tangu Jumatatu labda, basi naitoa, ndefu, nyingine, Shangazi keshaanza na baba habari za mke wa Khatibu aliyenunua redio na hana kitanda, "wawasikiliza mawaziri wamelala mkekani," maneno yanapita juu yangu kama feni, mkono umelala, hauombi kitu... na ngozi haichezi. Sikio moja limegeuka kunifuata. Shingo inashuka, pole pole, mpaka pua iko karibu na majani, mdomo wa chini umelegea, anatafuna na hana kitu mdomoni, kisha anapumua kwa pua, mshindo mrefu wenye maji unaonilowesha ukaya kichwani, na chini ya kiganja kitu kinaachia, nakijua, nakisikia, si ubao tena, ni kama unga wa chapati uliokwisha kulala, unakubali, nahamisha mkono upana wa mkono mmoja, nangoja, naye anausogeza mguu ule wa kushoto mbele, anaukanyagia, anauacha pale... "baba," nasema, "nimeona," anasema baba, hakuinuka debeni, sauti yake si yake, "nyamazeni basi mwacheni mtoto afanye kazi," anasema Shangazi, ambaye ndiye peke yake anayesema, na mimi nataka kucheka, nataka kukaa chini humu kwenye nyasi zenye mkojo, kesho sijui, kesho huenda akachechemea tena, nalijua hilo kwa majina yake yote, lakini naliweza, nalishika kama nilivyolishika bega hili, sina haja ya kulibana ili lisiniponyoke, jua lingali pale pale juu ya mlango, debe pale pale, redio ya mke wa Khatibu bado inasemwa, mkono wangu bado uko begani kwa Shaba, na sote wawili tunapumua...

Asubuhi yake nilimkimbiza mwenyewe uani, kwenda na kurudi, mbele ya Bi Harlow na yule bwana wa bunduki, ukaya ukanianguka njiani, nami sikusimama kuuokota, kwa kuwa nyuma yangu kulikuwa na miguu minne inapiga chini kila mmoja kwa zamu yake, na badala ya kugeuka kwenye ua nilimpitisha langoni, tukashika njia ya nyumbani.