Mkonge Juu ya Makaburi

Siku ya Marehemu ilimkuta Bertha kwenye nyaya za kuanikia singa, nyuzi za mkonge. Utomvu ulikuwa umemchubua mikono mpaka viwikoni. Wanawake wenzake walizitandaza singa, wakazigeuza, wakazikung'uta bila kuinua vichwa, maana nyapara Mselem alikuwa akipita katikati yao, fimbo kwapani.

"Bwana Mselem," Bertha alisema, "alasiri naomba ruhusa. Leo Wakatoliki tunawaombea wafu wetu. Nakwenda kwa mume wangu."

"Mumeo si alikufa?"

"Ndiyo maana nakwenda kaburini."

Mselem akatazama pembeni. "Hakuna kwenda. Pale pamepandwa juzi."

Bertha alidhani hakusikia sawasawa. "Pamepandwa nini?"

"Mkonge. Wewe unadhani hapa tunapanda nini?"

Longino, mumewe, aliletwa kutoka Songea akiwa manamba, kwa mkataba wa kukata mkonge. Baadaye akahamishiwa mashineni. Mashine ikamvuta mkono, na akakata roho kabla gari la kumpeleka hospitali halijapatikana. Shamba likamzika lilikozoea kuwazika watu wake, nyuma ya kambi, kando ya mtaro, pamoja na wenzake wa Songea na Nyasa ambao kwao hakuna aliyeiona miili yao. Tangu hapo Bertha alihamia mtaa wa Ngamiani, mjini, akapanga chumba kwa Bi Mwatumu, na kila Jumapili baada ya misa alikwenda kupafagia pale. Kila mwaka siku hii padre alikuja kuyabariki makaburi.

Lakini mwaka ule bei ya mkonge ilikuwa imepanda Ulaya, na bei ya unga ikapanda Ngamiani. Mishahara tu ndiyo iliyosahau kupanda. Meneja alitaka kila kipande cha ardhi kizae.

Bertha akaitundika singa aliyoishika. Akafunga kanga yake kiunoni, akaondoka.

"Ukivuka ule mti wa mwisho wa uwanja, hesabu huna kazi," Mselem alisema nyuma yake.

Akavuka.

Barabarani aliwakuta wanaparokia wamesimama kwa mafungu, na padre ameshika baiskeli yake. Alikuwa mzee wa Kizungu mwenye Kiswahili cha polepole.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre."

"Milele na milele, amina. Bertha, meneja amekataa. Nimewaambia watu twende tukasali kanisani. Mungu anasikia popote."

"Anasikia, Padre," Bertha alisema. "Ila Longino yuko pale."

Bertha akawapita wote, akaenda mpaka kwenye gogo lililolazwa njiani. Mlinzi Sadalla, mtu wa Pangani, aliinuka kwenye kigoda chake.

"Mama Bertha, nimeambiwa asipite mtu."

"Wewe ungekubali babako apandiwe mkonge kifuani, Sadalla?"

Sadalla akatazama miguu yake. Alikuwa Mwislamu, na siku aliyozikwa Longino alishika koleo pamoja na wengine. "Nimeambiwa asipite mtu," alirudia, kisha akashusha sauti. "Sikuambiwa nimshike mtu."

Akaketi tena, akampa mgongo.

Misalaba ilikuwa imeng'olewa na kurundikwa mtaroni kama kuni. Vilima vya makaburi vilikuwa vimesawazishwa kwa majembe, na miche ya mkonge imesimama juu yake, midogo, ya kijani, na miiba yake tayari ina ncha kali. Bertha hakuhitaji msalaba. Alikuwa amepafagia pale mno hata asipotee. Akapiga magoti, akaushika mche wa kwanza kwa mikono miwili, akauvuta.

Miiba ilimchoma. Akauweka mche pembeni, mizizi ikiwa na udongo wake, kwa sababu hakuwa na ugomvi na mche. Akang'oa wa pili. Alipokwisha kulisafisha kaburi la Longino, akahamia la jirani yake, mtu wa Nyasa ambaye hakuacha mke wala mtoto. Kisha akatoa rozari, akaanza Salamu Maria kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza nyumbani kwake.

Alikuwa bado peke yake fungu la kwanza la rozari lilipokwisha. Katika la pili akasikia sauti za wanawake nyuma yake. Hakugeuka. Wengine walisali, wengine waliinama wakang'oa, wanaume wakaiopoa misalaba mtaroni wakiulizana upi ni wa nani. Padre alifika mwisho, akihema, akaiweka baiskeli chini, akashusha ndoo ndogo ya maji na kuvaa stola yake shingoni.

Mselem akaja mbio. "Nani amewaruhusu? Bertha, huna kazi kuanzia leo. Toka hapa, nitaita polisi."

Bertha alimwinulia uso. Damu ilikuwa imemkaukia vidoleni, juu ya shanga.

"Ngoja nimalize fungu hili," alisema.

Akaendelea. Mselem alisimama pale akiwatazama watu waliokuwa wamepiga magoti, wengi wao watu wake wa kazi, na hakuna hata mmoja aliyenyanyuka. Polisi hawakuja. Padre alinyunyiza maji ya baraka mpaka ndoo ikakauka.

Kulipokucha, Bertha alikuwa pale tena, kwa kuwa hakuwa na kazi ya kumwita kwingine. Likaja kundi la manamba na vikapu vya miche, wametumwa kupanda upya. Walipoiona misalaba na mwanamke aliyeketi kati yake, wakasimama. Mkubwa wao, mtu wa Songea kwa lafudhi yake, akamwamkia, akauliza kwa upole:

"Mama, tupande wapi?"

Bertha akainuka. Akatembea polepole kuyazunguka makaburi yote, akiburuta kisigino mchangani, alama yake ikionekana wazi.

"Nje ya hapa."

Yule mtu akachomoa vigingi, akaihamisha kamba ya kupangia mistari, akaipindisha kufuata alama ya kisigino. Katika shamba zima mistari ya mkonge ilikwenda imenyooka mpaka macho yachoke. Pale tu ilipinda. Mwaka uliofuata meneja aliiona mistari ile, akamfukuza Mselem kwa kuiacha, lakini mkonge ulikuwa umekwisha kushika mizizi, na kuuhamisha kungekuwa hasara.