Mizani ya Magunia

Wifi yangu alikuwa ananipima kila Jumapili mbele za watu, kwenye mizani ya magunia. Si kwamba nyumbani kulikosa nafasi. Alitaka watu waone. Duka la kaka yangu linauza unga na nafaka kwa jumla, na ile mizani ya chuma imekaa pale pale mlangoni, kati ya makuli wanaosubiri kazi na wateja wanaosubiri mzigo. Mimi navua viatu, napanda, na wifi anasoma kwa sauti ya mnadani.

"Tisini na moja na nusu! Wiki iliyopita tisini na moja kamili! Jamani, huyu ananitakia nini?"

Kuli mmoja akasema hata gunia la mahindi lina adabu, ukilipunguza linapungua. Wakaangua kicheko. Mimi nikavaa viatu vyangu.

Najua unajiuliza kwa nini sikumtukana nikaenda zangu. Figo za kaka yangu zimekufa. Siku moja ndiyo, siku moja siyo, analala kwenye mashine hospitali imchuje damu, anarudi nyumbani hana rangi. Mama ana kisukari, figo yake haichukuliki. Wifi damu yake haikupatana na ya mumewe. Nikapimwa mimi, tukapatana. Nililia kwa furaha, nikasema nipasueni hata leo. Daktari akanipandisha na kunishusha kwa macho, akasema kwa kilo mia na mbili kisu ni hatari kwangu, nishuke hadi themanini na tano.

"Ni kufunga mdomo tu," wifi akasema, tukiwa bado kwenye ngazi za hospitali. "Kula kidogo, tembea sana. Kuna ugumu gani hapo?"

Kuna ugumu gani! Mwanamke ambaye tangu aolewe hajawahi kulegeza kiuno cha gauni hata moja. Mimi nyumbani wananiita Bonge tangu nikiwa nanyonya. Mama alikuwa bonge, bibi yetu alikuwa bonge, na kaka yangu, wa tumbo moja, alikuwa anakula sahani mbili na mbavu zake unazihesabu. Lakini mtu anaumwa, utabishana? Nikafunga mdomo.

Na usidhani kilo hazikushuka. Zilishuka! Miezi ya mwanzo zilitoka zenyewe, wifi akawa ananitangaza sokoni utadhani amenizaa. Nilipofika tisini na moja, zikagoma. Nikapunguza tena chakula, zikagoma. Nikaanza kusikia baridi jua likiwa utosini. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Njaa yenyewe haikuwa ile ya kusubiri chakula cha mchana, ilikuwa njaa ya kuamka nayo na kulala nayo. Na mimi, usisahau, nafanya kazi kiwanda cha mikate, mashine ya kukata. Wiki hii zamu ya asubuhi, wiki ijayo ya usiku, na mikate inapita mbele yangu ikiwa ya moto. Ukilala mchana hulali, unajigeuza tu.

Ushauri sasa! Kila mwenye mdomo alikuwa na wake. Kunywa maji ya moto na limau. Acha sukari. Acha wali. Kula mayai matupu. Usile jioni. Msimamizi wangu kazini, ambaye tumbo lake linaingia mlangoni kabla yake, akaniambia siri ni nidhamu. Nikamwambia aikague siri hiyo kwanza kwake, akanihamishia upande wa tanuri. Nilikuwa nimefikia mahali mtu akisema "we jaribu tu" natamani kumzaba kofi.

Nikamwambia wifi turudi kwa daktari, tumweleze kilo zimegoma.

"Kumweleza nini?" akanijia juu. "Kwamba kilo sita zimekushinda? Mtu mkubwa amekupa kazi, unarudi mikono mitupu? Haturudi mpaka themanini na tano."

Na sote tukakubali, mama akiwa wa kwanza. Ndivyo tulivyolelewa kwetu. Mkubwa akikutuma, unarudi na ulichotumwa, hurudi na maelezo. Kaka alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki kando ya mizani, amejikunyata ndani ya koti, akasema, "Mwacheni basi." Hakuna aliyemsikiliza. Ikapita miezi saba.

Siku ya ugomvi, nilimkuta wifi anapekua mkoba wangu. Anatafuta mkate. Mama yupo, kaka yupo.

"Anakula kwa siri," akasema, wala hana haya. "Hesabu haidanganyi. Asiyekula hupungua. Huyu anamla mume wangu, mama. Kila tonge analoficha, anamla mwanao."

Damu ikanichemka. Nikamwambia, "Haya. Nahamia kwako. Tule sahani moja, mimi na wewe, tonge kwa tonge. Nikitoka unanisindikiza, nikirudi unanipokea getini. Halafu tupande mizani wote wawili tuone nani mwongo."

"Leo hii hii," akasema.

Basi nikahamia. Asubuhi yai na chai kavu. Mchana kabichi na kijiko cha maharage, ananiletea getini kiwandani kwenye bakuli la mfuniko, tunakula tumesimama, anahesabu kijiko changu na mimi nahesabu chake. Jioni kabichi tena. Tulikuwa hatusemezani ila kwa matusi. Nikijikohoza usiku anawasha taa. Nikienda msalani anasimama mlangoni. Nilimchukia, sikufichi, nilimchukia mpaka sauti ya ndala zake ilikuwa inanipandisha pumzi.

Jumapili ikifika tunapanda wote. Yeye kilo mbili chini. Mimi pale pale. Wiki inayofuata yeye chini tena, mimi nimeshuka nusu, ya tatu nusu yenyewe imerudi. Gauni likaanza kumpwaya, shingo ikatoa mishipa. Mwanzoni alifurahi.

"Mnaona? Chakula ni kile kile, mimi nimepungua! Kwa hiyo yeye anaiba!"

"Naiba saa ngapi, wifi? Hata chooni uko na mimi!"

Nilimwona anaitazama mizani, anaipiga teke kidogo, anapandisha gunia la kilo hamsini kuikagua. Ikasoma hamsini.

Wiki hiyo mashine yetu kiwandani iliharibika, tukaruhusiwa mchana. Nikapitia dukani. Kaka alikuwa hospitali, mbele hakuna mtu, mteja anaita hajibiwi. Nikaingia stoo. Wifi alikuwa amechuchumaa nyuma ya magunia ya sukari. Mkono mmoja ameshika mkate mzima, wa kiwandani kwetu, mwingine uko ndani ya gunia. Anachovya, anatia mdomoni. Mashavu yamejaa, machozi yanamtiririka, sukari imemganda kidevuni.

Ee Mungu wangu, raha niliyoipata! Siku hiyo nilikuwa nimeiombea. Nikavuta pumzi nimwite mama, niwaite makuli, niite mtaa mzima.

"Wifi, usiseme," akasema, mkate bado mdomoni. "Naota chakula. Namhudumia mteja, nimesimama, macho wazi, naota mkate. Nilidhani nitakufa."

"Wewe una mwezi mmoja," nikamwambia. "Mwezi mmoja tu! Mimi njaa hiyo ninayo mwaka sasa, na kila Jumapili unanisomea kilo zangu mbele ya makuli!"

Mkate hakuuachia.

"Sisemi," nikamwambia. "Lakini kesho tunakwenda kwa daktari, na atakayezungumza ni wewe."

Tukaenda. Daktari akatazama jalada langu, akatazama kilo, akaanza wimbo wake: "Dada, umejaribu kupunguza mkate na..."

"Usimwambie habari ya mkate!" Wifi alisimama mpaka kiti kikaanguka. "Tumekula sahani moja, daktari! Nimemlinda mimi mwenyewe, nimelala naye chumba kimoja! Mimi nimekwisha, yeye yuko vile vile! Nieleze hiyo, wewe uliyesoma!"

Daktari akaweka kalamu. Alieleza taratibu, nadhani wifi alimtisha. Alisema mwili ukipungua haujui kwamba umepunguzwa makusudi, wenyewe unaona njaa imeingia. Unabana matumizi na kupandisha hamu, na mtu aliyeshuka kutoka mia anatumia kidogo kuliko mtu ambaye uzito wake siku zote ni tisini. Damu ya ukoo ina sehemu yake. Zamu za kubadilika kila wiki zina sehemu yake, usingizi mbovu pia.

"Na kusimangwa kila siku hakusaidii," akasema, akimtazama wifi. "Sahani ni moja, miili ni miwili."

Halafu akanipima vingine. Presha safi, sukari safi, moyo safi. Akatikisa kichwa.

"Mlikuwa wapi muda wote huu? Ile themanini na tano ilikuwa shabaha, haikuwa kufuli. Mngerudi zilipogoma, kwa vipimo hivi ningekupeleka mbele ya wenzangu tukapanga siku."

Wifi akaokota kiti, akakaa, akasema kwa sauti ndogo, "Basi mpasueni sasa. Hata kesho."

"Huyu yuko tayari," daktari akasema. "Mgonjwa ndiye hayuko tayari."

Akafungua jalada la kaka. Kwenye mashine walikuwa wanampima kila mara, lakini mwili ulikuwa umeshika maji, na maji yalikuwa yanaficha alivyokonda. Walipoyatoa vizuri wiki hiyo wakakuta chini yake nyama imekwisha. Hawezi kuhimili kisu. Aongeze kilo nane kwanza.

Kila Jumapili alikaa kwenye kile kiti, hatua chache kutoka kwenye mizani, ndani ya lile koti, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia na wewe panda.

Wifi ndiye aliyefurahi. Wallahi alifurahi! Njia nzima anahesabu kwa vidole: mayai, samaki, wali, mafuta. "Kilo nane tu? Kula kuna ugumu gani?"

Alipika. Siwezi kumnyima haki yake, alipika kufa na kupona. Kaka anaonja vijiko viwili, anasukuma sahani. Kila kitu kina ladha ya chuma, anasema. Akilazimisha kinarudi. Wifi anambembeleza, anamgombeza, analia, anapasha moto, anaanza upya. Mimi nakaa upande wa pili wa meza na sahani yangu, nakula na kushiba.

Jumapili wifi akamleta kaka kwenye mizani. Tulimvua koti. Mama aligeuka ukutani. Makuli walisimama mmoja mmoja, kuli wa utani akavua kofia.

Wifi alikuwa bado na bakuli mkononi. "Kijiko kimoja kabla hujapanda," akamwambia. "Ni kufungua mdomo tu, mume wangu, kuna ugumu..."

Akanitazama. Mimi nilikuwa na jibu lake, lilikuwa tayari ulimini tangu siku ya ngazi za hospitali. Halikutoka. Yeye akashusha kijiko.

Kaka akapanda mwenyewe, ameshika bega langu. Mshale ukatikisika, ukatulia. Wifi akausoma kimya, kisha akauziba kwa kiganja.

"Ngapi?" kaka akauliza.

Wifi hakuondoa kiganja.

"Soma," akasema. "Kwa sauti. Mbona ya Bonge ulikuwa unasoma."