Hatua Sitini za Tadei

Kutoka jikoni kwa Otilia, pale Lipingo, mpaka ukingo wa ziwa kuna mchanga mtupu wa hatua sitini. Mumewe Tadei aliwahi kuzihesabu akiwa na injini ya boti begani. Kwa wanawake waliokwenda kuanika usipa, dagaa wa ziwa lile, mchanga huohuo ulikuwa mwendo wa siku tatu.

Walishazoea. Walibeba dumu la maji, mihogo iliyochemshwa na kitenge cha kujifunika, kwa sababu katikati hapakuwa na mti wala kivuli, na nyoka wa huko walikuwa na rangi ya mchanga. Walikwenda wawili wawili. Waliporudi, midomo imepasuka, maharage waliyoyaacha mekoni yalikuwa hayajaiva, kwa hiyo wanaume hawakuona tatizo. Mwaka juzi mmoja hakurudi. Mkutano uliitishwa, akina mama wakashauriwa waongeze maji.

Jumanne ile, saa tisa alasiri, wingu lilisimama juu ya ziwa. Usipa wa Otilia ulikuwa bado kwenye chanja, na yeye alikuwa na mimba ya miezi minane.

"Baba Eliza," alisema, "naomba ukauanue wewe. Kwako ni hapo tu."

Tadei alikuwa barazani na jirani yake Ildefonsi, wakishona nyavu. Usipa ukishashuka kwenye boti, mwanamume wa pale haugusi tena.

"Tadei akianua usipa, namnunulia kitenge," alisema Ildefonsi. "Na kilemba juu."

Tadei alicheka. "Mama Eliza, unataka nichekwe mpaka Kihagara?"

Otilia akamgeukia wifi yake Lidia, aliyekuwa akimsuka Eliza. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa bado.

"Tangulia, wifi. Namaliza huyu, nakufuata."

Otilia alichukua dumu la lita tano, la ishirini lilimshinda. Lidia alimwona akikanyaga mchanga, akipungua, akawa kama punje ya ulezi, akapotea. Wanaume walimwona yuko hapohapo, anainama na kuinuka.

Ilikuwa imebaki mistari minne ya nywele mvua ilipogonga bati. Otilia alikuwa amesimama mlangoni na beseni la usipa mkavu kichwani. Tumbo lilikuwa limeshuka. Kitenge hakuwa nacho.

"Alikuwa wa kiume," alisema. "Siku ya pili ya kurudi. Maji yalikuwa yameisha. Nimemfunika, nimemwekea jiwe kichwani."

Lidia aliweka chanuo chini. Alitaka kusema kwamba ilibaki mistari minne tu, akampokea beseni.

Tadei alichukua jembe ili amlete mtoto azikwe kwa babu zake. Alitembea hatua sitini, akafika majini. Alirudi, akahesabu upya. Alichimba kushoto, akachimba kulia, mvua ikimnyeshea, akapata magamba ya samaki na ndala moja. Ildefonsi alikuja na koleo, safari hii hakutania. Waliupekua mchanga wote mpaka jioni. Hapakuwa na jiwe.

"Ni wapi, Mama Eliza?" Tadei aliuliza akiwa nje, maji yakimchuruzika.

"Mbali," alisema Otilia.

Jumapili katekista alimwombea mtoto, akinyoosha mkono kuelekea ziwani kwa kukisia.

Baada ya wiki sita boti ya Tadei ilirudi imejaa. Alishusha usipa hadi palipo na mchanga mkavu, akautua kama siku zote, akapanda nyumbani. Otilia na Lidia walikuwa wamekwisha kujaza madumu. Lidia ndiye aliyetangulia mlangoni, siku hizi hakuwa na kazi ya kumalizia.

Tadei alimtwisha mkewe dumu la lita ishirini, akalishikilia mpaka likatulia.

"Mkipita pale," alisema, "mnisalimie."

Kisha akaketi barazani, akavuta nyavu zake karibu.